Pole Pole si ya Wagumu

Kabla kundi la watalii halijaanza kuupanda Mlima Kilimanjaro, kiongozi wao huwaketisha na kuwapa masharti. Tembeeni pole pole. Kunyweni maji, lita tatu au zaidi kwa siku. Kuleni hata msipojisikia kula. Vaeni nguo tabaka juu ya tabaka, na msikubali kulowa. Kichwa kikianza kuuma, semeni mapema.

Ni masharti ya kweli, wala si mbwembwe za biashara. Kila moja limetokana na namna mwili wa binadamu unavyofanya kazi mahali penye hewa nyepesi na baridi kali, na wapo walioyapuuza wakashushwa kwa machela. Lakini hatua chache kutoka pale wanapoketi wageni, kwenye foleni ya mzani wa mizigo, wamesimama watu ambao kazi yenyewe itawalazimisha kuyavunja karibu yote. Watapanda mlima uleule, siku zilezile, chini ya mvua ileile. Mlimani wanaitwa wagumu.

Mgumu ni mpagazi. Mtalii mmoja huhitaji watatu, wanne, wakati mwingine zaidi, kutegemea njia aliyochagua na anasa aliyolipia. Kwa mlima unaopokea watalii kama 50,000 katika mwaka mzuri, hilo ni jeshi la watu: vijana wa Machame, Marangu, Kibosho, Rombo na Moshi mjini, na siku hizi hata wa Arusha na mbali zaidi. Wengi ni wanaume, ingawa wanawake wamo. Wanabeba mahema, magodoro, meza na viti vya kukunja, mitungi ya gesi, viroba vya unga na viazi, trei za mayai zinazoshikwa kwa uangalifu kama kichanga, masanduku ya vyombo, na choo cha kubebeka ambacho lazima mtu mmoja akubali kuwa mzigo wake kwa safari nzima. Kukata kuni ndani ya hifadhi ni marufuku, kwa sababu njema ya kulinda msitu, kwa hiyo hata moto wa kupikia hupanda mlima juu ya kichwa cha mtu.

Tuanze na mwendo. Asubuhi mgeni anakunywa chai hemani, anajipaka mafuta ya jua, anaondoka na kiongozi wake taratibu. Mgumu haondoki naye. Anabaki kung'oa mahema, kuyakung'uta umande, kuosha vyombo, kufunga mizigo. Kisha anamfuata mgeni, anampita njiani, na anafika kambi inayofuata mapema ili mgeni akute hema limesimama na maji ya moto yapo kwenye beseni. Njia ambayo mtalii ataitembea kutwa, yeye huimaliza kwa saa chache, na mzigo kichwani. Wageni hujibanza pembeni kumpisha na kumpiga picha. Baadaye husimulia kwa mshangao wa dhati jinsi watu hawa walivyo na nguvu zisizo za kawaida. Nguvu wanazo, hilo halina ubishi, lakini kinachowakimbiza ni ratiba.

Tena miili yao si ya aina nyingine. Watu wa Tibet, ambao mababu zao waliishi katika nyanda za juu sana kwa maelfu ya miaka, wana tofauti za kijenetiki zinazowasaidia kustahimili uhaba wa oksijeni. Mchagga hakurithi kitu cha namna hiyo. Vihamba vya migomba na kahawa viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi. Mji wa Moshi wenyewe haufiki mita 1,000. Kijana aliyelala kwake Majengo usiku wa Jumapili, Alhamisi yuko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, ambako shinikizo la hewa limebaki zaidi kidogo ya nusu ya lile la Tanga au Dar es Salaam. Amepanda kwa siku zilezile za mtalii, huku akifanya kazi maradufu. Aliyekwisha kupanda mara kadhaa msimu huo ana nafuu, maana mwili ukishazoea mwinuko hausahau mara moja. Kijana anayeanza kazi, au mkongwe anayerudi baada ya masika kupita, hana kinga hiyo.

Ugonjwa wa mwinuko humpata naye vilevile. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukatika. Ukiachwa, maji hujaa kwenye mapafu au ubongo huvimba, na hapo dawa ya uhakika ni moja tu: kushuka, upesi. Mgeni akilalamika kichwa, kiongozi humpima oksijeni kwa kifaa kidogo cha kubana kidoleni, humwandikia kwenye daftari, humuuliza tena jioni. Mgumu akiumwa kichwa hunyamaza. Analipwa kwa siku, na kushushwa siku ya tatu kunaweza kumaanisha kukosa siku zilizobaki pamoja na tipu, ambayo hutolewa mwishoni. Zaidi ya hayo kuna jina: ukijulikana kwamba unaumwa-umwa mlimani, safari ijayo hupigiwi simu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na huko juu kilio huja haraka kuliko nyumbani. Mwaka 1997 nchini Nepal kifo cha mpagazi aliyeugua mwinuko na kuachwa peke yake kiliwafanya watu waanzishe chama cha kimataifa cha kuwatetea wapagazi wa milimani. Tatizo hili si la Kilimanjaro pekee.

Ukitaka kuelewa hali ya hewa inavyomuumiza mgumu, acha kwanza kufikiria theluji. Theluji iko juu kabisa, na wagumu wengi hawafiki huko. Hubaki kambini wakati wageni na viongozi wanakwea kileleni usiku wa manane. Hatari inaanzia chini, msituni, upande wa kusini wa mlima ambako mvua ni nyingi kuliko kwingine kote Kilimanjaro. Mtu anaondoka getini mchana, amebeba, anapanda. Anatoka jasho hata kama mbingu ni nyeupe. Ikinyesha, na huko hunyesha hata nje ya misimu, kinachokuwa mwilini ni jasho ndani na mvua nje. Fulana ya pamba inanyonya vyote viwili na haikauki. Suruali ya jinzi ni mbaya zaidi. Raba zimelowa, soksi zimelowa, na begi lenye nguo za akiba, lisipofungwa kwenye nailoni, limelowa pia.

Halafu anafika kambini, kama mita 3,000 juu, jua linazama, na joto la hewa linaporomoka. Kwa kawaida joto hupungua karibu nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi ikiwa na nyuzi 30 mchana, jioni ya kambi ya kwanza tayari ni ya koti. Kambi ya pili na ya tatu, karibu mita 3,800 na 3,900, alfajiri mara nyingi hukuta barafu juu ya hema. Kileleni kwenyewe, mita 5,895, wastani wa joto kwa mwaka ni karibu nyuzi saba chini ya sifuri, na upepo wa usiku huufanya mwili uhisi baridi mara mbili ya hiyo au zaidi.

Mwili mkavu unaweza kuvumilia mengi. Mwili uliolowa ni habari nyingine, kwa sababu maji hubeba joto kutoka kwenye ngozi mara 25 hivi kuliko hewa inavyoweza. Mgumu aliyekuwa akitembea alikuwa akijitengenezea joto kwa misuli yake. Akisimama kupigilia vigingi vya hema kwenye upepo, tanuri limezimika na nguo bado ni mbichi. Joto la ndani la mwili kwa kawaida ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 hatari imeingia. Kwanza ni kutetemeka, na kutetemeka ni kazi: misuli inachoma akiba ya wanga ili kuzalisha joto. Aliyekula vizuri ana kuni za kuchoma. Aliyeshinda na chai na mkate akabeba kutwa nzima, akiba imekwisha kabla jioni haijafika, na mtetemeko wake haudumu.

Hapa ndipo wenzake wanapokosea, na si kwa ubaya. Joto linapozidi kushuka, kuelekea nyuzi 32, mtu huacha kutetemeka. Anatulia. Anaweza kuanza kuongea ovyo, kujikwaa, kukataa kuvaa, hata kuvua nguo akidai anasikia joto. Ukimwona katulia ukadhani kapata nafuu, umemwacha katika saa yake mbaya kuliko zote. Tiba yake haihitaji hospitali kama ikiwahiwa: mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mwingize kwenye mfuko wa kulalia na mtu mwingine pembeni yake, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, usimsugue mikono wala miguu. Lakini tiba hiyo inataka vitu vitatu ambavyo mgumu mara nyingi hana: nguo kavu ya pili, mfuko wa kulalia wa maana, na hema lisilovuja.

Habari ya hema ina kisa chake. Kwa kampuni nyingi, hema kubwa ambamo wageni hulia chakula ndimo wagumu hulala baadaye. Kwa hiyo usingizi wa mgumu unaanza pale stori za wageni zinapoisha. Kama kundi lina furaha na linacheza karata mpaka saa nne usiku, watu kumi na watano wamesimama nje, au wamejazana kwenye hema la jikoni katikati ya mvuke wa jiko, wakisubiri. Mwanamke akiwa mmoja kati ya wagumu kumi na tano, hema hilohilo linakuwa na tatizo la pili ambalo sihitaji kulifafanua.

Kunywa maji ni sharti jingine. Barafu, kambi ambayo wengi wa njia ya Machame na Lemosho hulala kabla ya kwenda kileleni, haina chanzo cha maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Kila lita inayochemshwa Barafu kwa chai, supu, chupa za wageni na beseni la kunawia imepandishwa kutoka huko kwa madumu, juu ya vichwa, kwa mwendo wa saa kadhaa, kwenye jangwa la mawe ambako mchana jua linachoma na kivuli hakipo. Aliyeyabeba maji hayo anajua thamani yake kuliko yeyote, na ndiye anayekunywa kidogo zaidi.

Macho nitayapitia kwa kifupi, kwa sababu jambo lenyewe ni rahisi kulitatua. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Miwani ya jua ni lazima kwa mgeni. Kwa mgumu ni zawadi, akiipata. Miaka ya kufinya macho dhidi ya mwanga ule huleta kijinyama kinachotambaa juu ya weupe wa jicho, na huongeza uwezekano wa mtoto wa jicho. Miwani yenye kinga si ghali. Mtu akinieleza kwa nini haimo kwenye orodha ya vifaa vya kazi, nitamsikiliza.

Shingo na magoti, hivyo vinataka nafasi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ambamo mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wakitembea kwenye mashine huku wamebeba mizigo. Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa mkanda wa paji la uso. Waligundua kwamba waliozoea kubeba tangu utotoni waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada. Utafiti huo ulishangaza dunia, na umekuwa ukitajwa tangu hapo kama uthibitisho kwamba Mwafrika na mzigo wa kichwani wanapatana. Wanaoutaja husahau kile kikomo. Mgumu wa kilo 60 akibeba kilo 12 tuko ndani ya asilimia 20. Akibeba kilo 20, ambazo ndizo kikomo kilichowekwa na hifadhi, amevuka hadi theluthi moja ya uzito wake. Na mashine ya maabara ilikuwa tambarare. Haikuwa na mizizi ya miti, tope la kufika kwenye vifundo, wala ukuta wa Barranco.

Ukuta huo ni wa mawe, unasimama kwa mita zaidi ya 200 juu ya kambi ya Barranco. Mtalii huupanda kwa mikono na miguu, fimbo zake zimefungwa begini, kiongozi akimwonyesha pa kukanyaga. Mgumu huupanda akiwa na mkono mmoja huru, wa pili umeshikilia mzigo uliokaa juu ya ngata, shingo imekaza ili kichwa kisiyumbe. Kila kujikwaa na kila hatua ndefu hupita kwenye pingili za shingo. Mwaka 1968 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala kuhusu shingo ya mpagazi, yaani madhara kwenye uti wa shingo kwa wabeba mizigo ya kichwani. Kwa hiyo hakuna wa kusema hatukujua. Madhara hayaji kwa kishindo. Huja kwa ganzi ya vidole, kwa bega lisilopanda vizuri, kwa kichwa kinachouma hata ukiwa nyumbani Kibosho unapalilia kahawa.

Magoti huharibika wakati wa kushuka, wala si wakati wa kupanda kama wengi wanavyodhani. Njia ya Mweka inamteremsha mtu kutoka Barafu hadi getini, karibu mita 3,000 kwenda chini, ndani ya siku moja na kitu. Katika kushuka, msuli wa paja hufanya kazi ukiwa unavutwa, kama breki, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana siku mbili baada ya kushuka mtalii hushindwa kuteremka ngazi za hoteli. Goti lenyewe hupokea mara kadhaa ya uzito wa mwili katika kila hatua, na uzito wa mwili hapa ni pamoja na mzigo. Mtalii hufanya hivyo mara moja katika maisha yake, akarudi kwao na cheti. Mgumu hufanya hivyo kila wiki au kila wiki mbili msimu ukichanganya, miaka kumi, miaka kumi na mitano. Gegedu la goti likisagika halioti upya.

Na hapo ndipo hesabu inapopotea. Mtu akifa mlimani, habari huandikwa. Mtu akistaafu na miaka 38 kwa sababu hawezi tena kuchuchumaa, hakuna kitabu kinachoandika. Amerudi kihambani, kwisha.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko utalii. Oktoba 6, 1889, Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo. Walifanikiwa walipokuwa wameshindwa wengine, na Meyer mwenyewe kabla ya hapo, kwa sababu ya mpango wa chakula: kambi zilizopangwa ngazi kwa ngazi, na watu wa kupandisha vyakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama kiongozi wa safari hiyo. Asiyekumbukwa sana ni Mwini Amani, mpishi kutoka Pangani, mtu wa pwani, aliyebaki na Wazungu wale kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akiwapikia na kulinda kambi wakati wao wanajaribu kilele mara kwa mara. Mtu wa Pangani, kwenye baridi ile! Mpango wa Meyer ndio unaotumika hadi leo, ila kambi zimepewa vibao.

Turudi kwenye kilo 20. Kikomo hicho si kibaya ukikilinganisha na vingine. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kama uzito ambao mwanamume mzima asizidishiwe. Peru mwaka 2001 ilitunga sheria ya wapagazi wa njia za Inka na kuweka kilo 20. Kwa maandishi Kilimanjaro iko upande wa waliostaarabika. Mzani upo getini, mizigo inapimwa, inayozidi inapunguzwa. Ujanja huanza baada ya kona ya kwanza. Mgumu mmoja anarudishwa, mzigo wake unagawanywa kwa waliobaki, na kampuni imeokoa mshahara wa siku saba. Au mzigo unapita umekauka na jioni unalala mvuani: hema la turubai lililolowa ni zito kuliko lilivyokuwa getini, na hakuna anayelipima upya kila asubuhi.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Sidhani ni roho mbaya. Chukua kalamu. Ada za hifadhi kwa mgeni wa nje, kwa safari ya siku saba yenye kulala kambini, zinazidi dola 700, na hazina mjadala, zinalipwa serikalini. Usafiri kutoka Moshi au Arusha, chakula cha mgeni, gesi na mshahara wa viongozi navyo havina mjadala mkubwa. Sasa kampuni inayotangaza mtandaoni safari hiyohiyo kwa bei ya kutupa, chini ya wenzake wote, itapunguza wapi? Haiwezi kupunguza ada wala kumlaza mgeni na njaa. Kilichobaki ni wagumu: idadi yao, milo yao, hema lao, mshahara wao. Shirika linalofuatilia maslahi ya wapagazi, KPAP, lililoanza Moshi mwaka 2003, limekuwa likitaka kampuni zilipe mshahara wa siku usiopungua kiwango kilichowekwa, zitoe milo mitatu na mahema yanayofaa, na linachapisha orodha ya kampuni zinazokubali kukaguliwa. Zilizo nje ya orodha hiyo ni nyingi.

KPAP hilohilo huazima nguo bure kwa wagumu: makoti, suruali za mvua, buti, glavu. Nasifu kazi hiyo na inanisikitisha kwa wakati mmoja. Fundi wa ujenzi haazimi kofia yake ngumu kwa wafadhili. Ukipita soko la Memorial pale Moshi kabla ya msimu utawaona vijana wakipekua mitumba, wakipima makoti ya baridi yaliyovaliwa na mtu wa Ulaya. Bei nzuri, lakini koti la mtumba ambalo kinga yake ya maji imekwisha halitofautiani na blanketi: likilowa, limelowa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, mwajiri akichangia ili anayeumia kazini alipwe. Lakini mgumu aliyeajiriwa getini asubuhi kwa safari moja, bila karatasi, na kampuni ambayo wiki ijayo huenda asiione tena, atathibitisha vipi kwamba goti lake liliumia kazini? Kazini kwa nani? Helikopta ya uokoaji hupaa kwa mwenye bima, na bima ni ya mgeni.

Dunia siku hizi inazungumza sana kuhusu kazi za nje na hali ya hewa, hasa joto. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukumbana na joto kali kila mwaka. Kule Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, kazi za nje husimamishwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti, kwa amri ya serikali. Utekelezaji una kasoro zake, lakini saa ipo na kila msimamizi anaijua. Kilimanjaro mvua ikishuka msituni saa nane mchana safari inaendelea, kwa sababu mgeni amelipia siku saba na si nane, na kambi ya leo imeshapangwa.

Kila Desemba Watanzania wengi hupanda kuadhimisha Uhuru, wakimkumbuka Alexander Nyirenda aliyepeleka mwenge na bendera kileleni Desemba 1961. Ni kipindi cha vuli, msitu umelowa. Makundi kutoka Dar es Salaam na Dodoma hufika yakiwa na furaha, fulana za kufanana, na tabia yetu ya kuvuta bei mpaka mwenye kampuni akubali kwa shingo upande. Hizo fedha mlizoziokoa zilitoka mahali. Ulizeni wagumu wangapi, wanalala wapi, wanakula mara ngapi. Kampuni nzuri haikasiriki kuulizwa, na inayokasirika imeshawajibu.

Na siku ya mwisho pale Mweka, nyimbo zikishaimbwa, msitoe bahasha moja nene mkononi mwa kiongozi mkapanda basi. Tangazeni kiasi cha kila mtu kwa sauti, wagumu wote wakiwa wamesimama na wakisikia, kisha kila mmoja aitwe kwa jina lake apewe mkononi, hadi yule wa choo. Kama itachukua nusu saa, ichukue nusu saa.